Herufi C Kutoka Jukwaani

Mwaka 1902, daktari George Frederic Still alisimama mbele ya madaktari wenzake jijini London, akawaeleza habari za watoto ambao akili zao hazikuwa na upungufu, lakini hawakuweza kutulia wala kujizuia. Tatizo hilo alilihesabu kuwa kasoro ya kimaadili. Historia ya hali tunayoiita leo ADHD mara nyingi husimuliwa kuanzia hapo. Kila ninapoisoma, neno "maadili" hunikwama kooni, kwa sababu nasi tuna hukumu zetu: mtukutu, mtundu, sikio la kufa. Zote humlaumu mtoto kabla ya kumtazama.

Michezo ina ushahidi wake. Michael Phelps wa Baltimore, Marekani, aligundulika kuwa na ADHD akiwa na miaka 9. Mwalimu mmoja alikwisha kumwambia mama yake kwamba mtoto huyu hataweza kukaza akili kwenye jambo lolote. Akiwa na miaka 10, alishika nafasi ya pili katika shindano, akavua miwani yake ya kuogelea na kuitupa chini kwa hasira.

Mama yake, Debbie, naye alikuwa mwalimu. Hakumwachisha kuogelea. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia kwamba uungwana mchezoni una uzito sawa na ushindi. Kisha wakapatana ishara: akimwona anaanza kupandwa na hasira, angekunja mkono jukwaani ufanane na herufi C, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kujituliza.

Naona hapo ndipo penye somo. Mtoto wa aina hii huwa anaijua kanuni. Kinachomponyoka ni kuikumbuka damu inapochemka. Hotuba ndefu baada ya mchezo humfika akiwa amechelewa. Ishara moja, iliyokubaliwa mapema, humfika wakati anapoihitaji.

Mwaka 2004, Athens, Phelps alimshinda Mmarekani mwenzake Ian Crocker kwa sekunde 0.04 katika mita 100 za mtindo wa kipepeo. Ushindi huo ulimpa nafasi ya kuogelea fainali ya kupokezana mitindo minne. Akampa Crocker, aliyekuwa mgonjwa mwanzoni mwa mashindano na kuogelea vibaya. Phelps alikuwa ameshiriki mchujo, hivyo timu ikishinda naye angepata medali. Alichotoa ni fainali yenyewe. Alikaa jukwaani akishangilia, na timu ikaweka rekodi ya dunia.

Watoto wengi wenye ADHD hawatafika Olimpiki, wala si lazima. Lakini kocha yeyote wa mtaani anaweza kutoa maelekezo mafupi, moja baada ya jingine, na kupatana ishara na mchezaji wake kabla ya filimbi ya kwanza. Uungwana hufundishwa, kama vile pasi inavyofundishwa: kwa kurudiarudia.