Tungamotaka: Nishati Iliyokwisha Kulimwa

Katika hotuba za bajeti za Wizara ya Nishati ya Tanzania, tungamotaka hutajwa pamoja na jua, upepo na jotoardhi kama chanzo cha nishati jadidifu. Istilahi hii imeunganisha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na taka. Hujumuisha kuni, pumba, samadi, makapi ya miwa na vinginevyo vyenye asili ya mimea au wanyama.

Mwanasayansi anaweza kulalamika kwamba mti uliopandwa ili uchomwe si taka. Ni kweli, lakini kwa wilaya ya wakulima neno hili linaelekeza penye faida: kwenye masalia ya mazao.

Bayofueli ina maana finyu zaidi: ni fueli, hasa ya majimaji, itokanayo na mimea, mara nyingi iliyolimwa kwa kusudi hilo. Kisarawe, kampuni ya kigeni ilipata takriban hekta 8,000 za kulima mbono, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mwaka 2011 ikasitisha kazi, ardhi ya vijiji ikiwa imekwisha kutwaliwa. Mbono huvumilia ukame, lakini kuvumilia si kuzaa. Bila maji na rutuba mbegu huwa haba, na kuzichuma ni kazi ya mikono.

Mkonge una hesabu nyingine. Korona, mashine ya kutenganisha singa na jani, hutoa singa chache tu kwa uzito wa jani. Zaidi ya asilimia 90 ni maji na makapi. Makapi hayo yamekwisha kulimwa, kukatwa na kusafirishwa kwa gharama ya singa. Ndiyo maana Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kuyageuza bayogesi na umeme. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, nacho huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme, na kuuza ziada kwa TANESCO, shirika la umeme. Masika kiwanda kikisimama, umeme huo husimama pia.

Nyumbani, mtambo wa bayogesi huhitaji ng'ombe wawili watatu wa zizini, na maji karibu sawa na samadi. Mwenye ng'ombe mia nyikani hawezi kukusanya samadi kwa urahisi, maana nyingi hutawanyika malishoni. Paneli ya jua itamfaa zaidi.

Hata hivyo, si kila masalia ni taka. Mabua ya mahindi ni malisho ya kiangazi. Yakipelekwa tanurini, mkulima atanunua majani ya ng'ombe kwa fedha alizookoa kwenye kuni.