Bonde la Bujuku: Mambo ya kupanga kabla ya kuzipanda Rwenzori

Na Mwandishi Wetu

MTU anayekusudia kupanda mlima mrefu huanza kwa kuuliza swali moja: nitafikaje kileleni? Kwa anayetaka kupita katika Bonde la Bujuku, katikati ya Milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: nikiugua njiani, nitateremkia wapi?

Swali hilo si la kutishana. Ndilo linaloamua safari iwe ya siku ngapi, ifanyike mwezi gani, mzigo uwe na nini ndani na malipo yafanyike baada ya makubaliano gani. Wasafiri wengi kutoka miji ya Afrika Mashariki huzijia Rwenzori wakiwa na picha ya Kilimanjaro vichwani mwao: mlima mmoja uliosimama peke yake, ambao mgonjwa huteremshwa upande wowote na kila hatua ya kurudi humpunguzia kimo. Rwenzori haziko hivyo. Ni safu ya milima iliyoshikamana, yenye mabonde yaliyofungwa kati ya vilele, na wapo mahali ambapo mtu hulazimika kupanda kwanza ndipo ateremke.

Milima ya Mwezi

Rwenzori zimesimama mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tofauti na Kilimanjaro na Mlima Kenya, hazikutokana na volkano, bali ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa na nguvu zilizofanya Bonde la Ufa. Makundi makuu ya vilele ni sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele kirefu kuliko vyote ni Margherita katika Mlima Stanley, chenye mita 5,109 kutoka usawa wa bahari. Ni cha tatu barani Afrika baada ya Kibo cha Kilimanjaro na Batian cha Mlima Kenya.

Jina la Milima ya Mwezi linatokana na maandishi ya kale yanayonasibishwa na Ptolemy, yaliyotaja milima yenye theluji kuwa chanzo cha Mto Nile, na wengi huamini kwamba milima hiyo ni Rwenzori. Mwaka 1906 mtawala mdogo wa Kiitalia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, aliongoza msafara uliofika kilele cha Margherita, akakipa jina la malkia wa nchi yake.

Lakini milima hiyo ilikuwa na wenyewe muda mrefu kabla ya hapo. Ni ardhi ya Wakonzo, ambao ndugu zao upande wa Kongo huitwa Wanande. Katika mapokeo yao, theluji ya vilele ni makao ya Kitasamba, na hadi leo wapagazi na waongozaji wengi wa njia hiyo ni vijana na wazee wa Kikonzo. Uganda iliifanya sehemu yake ya milima kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Njia yenyewe, siku kwa siku

Njia kongwe inayopita Bujuku ni mzunguko unaoanza na kuishia Nyakalengija, kijiji kilicho karibu na mji wa Kasese, kwenye kimo cha takriban mita 1,650. Kwa kawaida huchukua siku saba au nane.

Siku ya kwanza hupita mashambani na katika msitu mnene hadi banda la Nyabitaba, mita 2,650. Asubuhi ya pili njia huteremka hadi daraja lililopo mahali ambapo mito ya Mubuku na Bujuku hukutana. Hapo njia hugawanyika: wanaokwenda hufuata Mto Bujuku, na wanaorudi baada ya siku kadhaa hutokea upande wa Mubuku. Baada ya mianzi na miti iliyofunikwa kuvumvu, msafiri hufika banda la John Matte, kati ya mita 3,400 na 3,500.

Siku ya tatu ndiyo ya bonde lenyewe. Kuna vinamasi viwili vya Bigo, cha chini na cha juu, vyenye mashina ya majani magumu yaliyoinuka kama viti vidogo juu ya matope. Sehemu nyingine zimewekewa vijia vya mbao, kwingine mtu huruka kutoka shina hadi shina, na anayekosea huzama hadi magotini. Pande zote husimama miti ya senesio na lobelia ambayo jamaa zake nchi za tambarare ni majani ya kawaida tu, lakini huku imerefuka kumpita mtu. Mwisho wa bonde ni Ziwa Bujuku na banda lake, karibu mita 3,960, likizungukwa na milima ya Stanley, Speke na Baker.

Kutoka hapo wapandaji hukwea hadi banda la Elena, mita 4,540, wakalala humo saa chache, na kabla ya mapambazuko huanza safari ya Margherita. Wakisharudi kutoka kileleni, wengi huvuka mwanya wa Scott Elliot wenye mita 4,370 na kuteremkia maziwa ya Kitandara, mita 4,020. Siku inayofuata huvuka mwanya wa Freshfield, mita 4,280, ndipo huteremka Bonde la Mubuku kupitia banda la Guy Yeoman hadi Nyabitaba na nyumbani.

Mahali pa kuamua

Tazama tena hesabu hiyo. Kitandara iko kati ya myanya miwili, na yote miwili iko juu yake. Maji ya maziwa hayo hayateremkii Uganda, huelekea Kongo. Mtu atakayezidiwa Kitandara hana njia ya kuteremka kurudi Nyakalengija bila kwanza kupandishwa zaidi ya mita 250 hadi Freshfield, au mita 350 kurudi Scott Elliot. Kwa mgonjwa wa kimo, kupandishwa ndiko hasa kunakokatazwa.

Kwa sababu hiyo, banda la Bujuku ndilo mahali pa kuamua. Kutoka Bujuku, na hata kutoka Elena kurudi Bujuku, njia ya kutokea ni ya kuteremka bondeni, ingawa kabla ya Nyabitaba upo mpando mfupi kutoka darajani. Mwenye dalili mbaya asivuke Scott Elliot kwa tamaa ya kukamilisha mzunguko. Arudi alikotoka.

Jambo hili likubaliwe mjini, kabla ya fedha kulipwa. Muulize anayekuandalia safari: kundi likigawanyika, kuna waongozaji wa kutosha kurudi na mgonjwa huku wengine wakiendelea? Siku ya ziada italipwa na nani? Kuna machela na oksijeni, na viko banda lipi? Asiyeweza kujibu maswali hayo mezani hatakuwa na jibu kwenye mvua saa nane za usiku.

Hesabu ya usingizi

Mapendekezo ya madaktari wa milimani ni kwamba mtu akishapita mita 3,000, asiongeze zaidi ya takriban mita 500 kati ya mahali anapolala usiku mmoja na unaofuata, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Ratiba ya kawaida ya Bujuku huenda mbio kuliko hivyo: kutoka Nyabitaba hadi John Matte huongezeka karibu mita 800, kisha kama 500 hadi Bujuku, kisha zaidi ya 550 hadi Elena.

Dawa rahisi ni siku moja zaidi. Ukilala Bujuku mara mbili, mchana wa katikati ukatembea juu kidogo na kurudi, mwili hupata nafasi ya kuzoea hewa nyembamba. Kileleni Margherita, kila pumzi huleta zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni inayopatikana pwani.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo, na anayezipata asipande zaidi hadi zipungue. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa amekaa ni dalili za hatari ya kifo. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea kimo, lakini itumiwe kwa ushauri wa daktari na isichukuliwe kuwa badala ya kupanda polepole.

Mvua na mavazi

Rwenzori ni milima ya mvua. Miezi yenye nafuu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, lakini hata wakati huo mvua inaweza kunyesha kila alasiri. Ukienda kati ya Machi na Mei, au Septemba na Novemba, jiandae kwa matope na mito iliyofurika.

Mabuti ya mpira ndiyo viatu vya bondeni, na yajaribiwe nyumbani kwa muda mrefu kabla ya safari. Viatu vya mlimani vikae mkobani kwa ajili ya miamba na barafu. Nguo za kulalia na mfuko wa kulalia vifungwe ndani ya plastiki, kwa kuwa kitu kilicholowa Bujuku hakikauki. Suruali za jinzi na fulana za pamba ziachwe Kampala. Wanaokwenda Margherita watahitaji vyuma vya kukanyagia barafu, shoka la barafu, mkanda na kamba. Vifaa hivyo huweza kukodishwa, lakini vikaguliwe mchana, siyo gizani huko Elena.

Hati na usalama

Hakuna ruhusa ya kutembea hifadhini bila mwongozaji. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio pungufu kuliko wageni wengine, hivyo beba hati ya kuthibitisha uraia pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bima, kama unayo, isomwe vizuri: nyingi huweka ukomo wa kimo.

Hali ya mpakani nayo iulizwe. Hifadhi ilifungwa mwaka 1997 kwa sababu ya waasi wa ADF, ikafunguliwa tena mwaka 2001. Juni 2023 waasi hao walishambulia shule huko Mpondwe, wilayani Kasese, wakaua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi. Kabla ya kukata tiketi, pata taarifa za karibuni kutoka kwa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda na ubalozi wa nchi yako.

Barafu inayokwisha

Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kusinyaa. Inapoondoka huacha mwamba mtupu wenye utelezi, kwa hiyo njia ya Margherita hubadilika, na maelezo ya aliyepanda miaka kumi iliyopita yanaweza kumpotosha anayekwenda leo.

Wapo wanaoharakisha safari ili waione barafu hiyo kabla haijatoweka. Haraka hiyo inaeleweka, lakini iishie kwenye kupanga tarehe. Ukishalivuka daraja na kuanza kuufuata Mto Bujuku, mwendo upangwe na yule anayetembea polepole kuliko wote katika kundi.