Mlinganyo na Mkabala

Neno mlinganyo, ambalo walimu wetu wa hesabu huliitia tamko kama 3x + 7 = 22, limezaliwa na kitenzi linganya, yaani kuviweka vitu viwili pamoja hata vikawiana; na kwa rai yangu ni istilahi iliyochaguliwa kwa busara kubwa, maana mwanafunzi akilitafakari jina hilo kabla ya kushika kalamu, amekwisha kujua kwamba mbele yake pana pande mbili zilizo sawa, na kwamba lolote atakalolitenda upande mmoja ni wajibu alitende na upande wa pili.

Aljebra yenyewe ilipata jina lake Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu 813 hadi 833, kwa kitabu cha al-Khwarizmi kilichobeba maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. La kwanza ni kurudishia kilichopungua, nalo Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. La pili ni kukabilisha, nalo tunalo vinywani mwetu kila siku katika kabili na mkabala. Chukua 5x − 4 = 2x + 11. Maadamu x iko pande zote mbili, mwanzo ni mkabala: ondoa 2x huku na huku, ibaki 3x − 4 = 11. Kisha upande wa kushoto umepungukiwa na 4; urudishie, na wa kulia uongezewe vivyo hivyo, ije 3x = 15, na x ni 5.

Aghalabu watoto huambiwa kwamba namba "huvuka" alama ya sawa na kugeuka ishara. Jawabu hupatikana, lakini jambo hili hunisikitisha, kwani namba haivuki popote, na mtoto aliyekariri kuvuka, akifika 3x = 15, huivusha 3 na kuandika 12.

Katika 3x + 7 = 22, uliza x imetendwa nini: imezidishwa kwa 3, ndipo ikajumlishwa 7; basi anza na lililotendwa mwisho, kama avuaye joho kabla ya kanzu. Penye sehemu, kama x/2 + x/3 = 10, zidisha kila kitu kwa kigawe kidogo cha shirika, nacho ni 6, upate 5x = 60.

Ama x² + 10x = 39, mfano wa al-Khwarizmi mwenyewe, ambaye aliuandika wote kwa maneno bila herufi wala alama, hauanzi kwa kuondoa. Yeye alichora mraba wenye upande x, akaubandika mistatili miwili, kila mmoja 5x, akaona kona moja tupu ya 25; alipoijaza, 39 ikawa 64, upande wa mraba mkubwa ukawa 8, na x ikawa 3. Jawabu la pili, −13, hakulihesabu, kwa kuwa yeye alikuwa akitafuta upande wa mraba.