Mama wa midoli minne: mtoto anajifunza wapi kudharau rangi yake?



Sisi tunaoshona magauni ya harusi huku Umwe, Rufiji, tunalisikia sana neno hili: "Siku yangu nataka nitoke mweupe." Wengine huanza mkorogo miezi kadhaa kabla ya ndoa. Leo tumzungumzie mwanamke aliyechunguza neno hilo linaanzia wapi.

Mamie Phipps alizaliwa mwaka 1917 mjini Hot Springs, jimbo la Arkansas, Marekani. Baba yake alikuwa daktari, lakini udaktari haukumkinga binti yake na ubaguzi. Alisoma shule za Weusi peke yao, kama sheria ya huko ilivyotaka. Alipofika Chuo Kikuu cha Howard alianza na hesabu, kisha akahamia saikolojia, elimu ya akili na nafsi. Huko alikutana na Kenneth Clark, wakaoana.

Mwaka 1939, kwa shahada yake ya pili, Mamie aliwachunguza watoto Weusi ambao hawajaanza shule: mtoto anaanza lini kujitambua kwamba ni mweusi? Watu humtaja zaidi mumewe, lakini kazi hii ilianza kwa Mamie.

Baadaye walitumia midoli minne. Yote ilikuwa sawa, imevalishwa nepi tu. Miwili ilikuwa ya kahawia yenye nywele nyeusi, miwili mieupe yenye nywele za manjano. Sisi mafundi tunaelewa maana yake: ukiondoa tofauti ya nguo, inabaki rangi peke yake.

Waliwauliza watoto Weusi 253, wa miaka 3 hadi 7. Nipe unaopenda kuuchezea. Nipe ulio mzuri. Nipe unaoonekana mbaya. Mwisho kabisa: nipe unaofanana na wewe.

Asilimia 67 walitaka kucheza na mdoli mweupe. Asilimia 59 walisema wa kahawia ndio unaoonekana mbaya. Ilipofika swali la mwisho, baadhi yao walilia, maana walitakiwa kuushika ule ule waliokwisha kuukataa.

Tena si wale wa shule za kutengwa tu. Watoto wa Massachusetts, waliosoma pamoja na Wazungu, nao walichagua mdoli mweupe. Basi shule haikuwa mwalimu pekee. Mtaa, duka, picha na maneno ya wakubwa vilikuwa vinafundisha pia.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na kazi hii ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Siku 51 baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa hapa kwetu. Wakati huo Tanganyika nayo ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha hazikugawanywa sawa. Mgawanyo huo uliondolewa mwaka 1962, baada ya Uhuru.

Mamie hakuishia kwenye takwimu. Mwaka 1946 yeye na mumewe walifungua kituo cha kuwasaidia watoto huko Harlem, New York, naye akakiongoza hadi 1979. Alifariki mwaka 1983.

Sheria zimebadilika, lakini je, maneno yetu? Bibi harusi akitoka, tunasema, "Amekuwa mweupe, kapendeza!" Binti wa miaka minne aliyeshika maua anasikia. Hapo amepewa mdoli wake achague.

Na mwili nao unalipa. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, na mama akiwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Bibi harusi wa leo ndiye mama wa kesho.

Sura Ar-Rum, aya ya 22, inazitaja rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Allah. Basi tuisome ishara, tusiichubue. Singo ipo, liwa ipo, hina ipo. Vinampamba mwali bila kumfuta. Somo na makungwi, hili nalo lifundishwe ndani: maji ya kunde ni mzuri, mweusi ni mzuri, na watoto wasikie tukilisema.

Allah awajaalie mabinti zetu wajipende kama alivyowaumba. Amin.