Gus Edwards: Mtoto wa Wakimbizi Aliyepitwa na Timu 32, Halafu Akawa "Basi"

Wengi walimjua akiwa Baltimore Ravens, pale mashabiki walipomwita "Basi". Na jina lilimkaa! Jamaa ana mwili, akishika mpira haendi pembeni pembeni, anapita katikati ya watu huku mabeki wawili wananing'inia kama makonda. Ila stori yake tamu iko nyuma ya hapo, kwenye miaka ambayo hakuna aliyekuwa anampigia kelele.

Edwards alizaliwa Liberia mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto. Vita hivyo vilianza Desemba 1989, vikasimama 1997, vikarudi tena 1999 mpaka 2003, na waliokufa wanakadiriwa kufika 250,000. Liberia yenyewe ni nchi iliyoundwa na Wamarekani weusi walioanza kushushwa pale 1822, wakajitangazia uhuru 1847. Sasa safari ikageuka: watu wakawa wanakimbilia Marekani. Familia ya Edwards nayo ikakimbia, dogo akiwa bado mtoto, ikaangukia Staten Island, New York.

Kisiwa hicho kina Waliberia wengi sana, hasa mitaa ya Park Hill. Ndiyo, Park Hill ileile waliyokulia baadhi ya wana Wu-Tang Clan. Pale sekondari ya Tottenville dogo akawa moto, na chuo kikuu cha Miami kikamchukua mwaka 2013.

Kwa wasioujua mpira ule wa helmeti: kazi ya Edwards ni kupokea mpira mkononi na kukimbia nao kuelekea kwenye ukuta wa watu wenye kilo mia na ushee. Ndiyo nafasi inayokula mwili haraka kuliko zote. Na enzi hizo mchezaji wa chuo alikuwa anapata ufadhili wa masomo tu, hela ya jina lake hairuhusiwi. Ruhusa ilikuja Julai 2021, yeye ameshaondoka. Kwa hiyo mtoto wa familia iliyoanza upya kwenye nchi ya watu alikuwa anapigwa bure, akitegemea kwamba siku moja italipa.

Na Miami foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alikuwepo Duke Johnson, aliyeondoka 2014 akiwa kinara wa muda wote wa chuo hicho kwa yadi za kukimbia. Johnson akaondoka, Edwards naye akaumia mguu, msimu mzima wa 2015 ukapotea. Aliporudi akakuta wengine wameshakalia kiti.

Hapo ndipo alipocheza karata ya akili. Alimaliza digrii yake, na kwa sheria za wakati ule mhitimu aliweza kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo. Mwaka 2017 akaenda Rutgers, New Jersey, jirani kabisa na Staten Island. Timu ilikuwa mbovu, ilishinda mechi 4 ikapoteza 8. Lakini mpira alipewa! Akakimbia yadi 713 na kufunga tachidauni 6.

Haikutosha. Mwaka 2018 timu zote 32 za ligi kuu zilichagua vijana 256, Edwards hayumo. Ravens wakamsaini baadaye kwa bei ya kawaida, wakamweka kikosi cha mazoezi. Novemba 18 mwaka huohuo, siku ambayo Lamar Jackson alianza mechi yake ya kwanza, Edwards akawatembezea Cincinnati Bengals yadi 115 na tachidauni juu.

Angalia misimu yake mitatu ya mwanzo: yadi 718, 711, 723. Kama mshahara wa serikali vile! Septemba 2021 goti likachanika mazoezini, msimu ukaisha kabla haujaanza, na akakaa nje zaidi ya mwaka. Mwaka 2023 akafunga tachidauni 13, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake, akiwa na miaka 28, umri ambao wakimbiaji wengi wa nafasi yake huwa wameshaambiwa asante.