Mwafrika kwenye Nembo ya Coburg

Mji wa Coburg, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, una nembo ambayo Mwafrika akiiona hapiti bila kuuliza: ngao ya dhahabu, na ndani yake kichwa cha mtu mweusi mwenye nywele za kipilipili na hereni sikioni. Huyo ni Mtakatifu Maurisi, msimamizi wa mji.

Kwa mapokeo ya Kanisa, Maurisi alikuwa kamanda wa Legioni ya Thebe, askari Wakristo wa Misri ya Juu waliotumikia jeshi la Roma. Mwishoni mwa karne ya 3, Kaisari Maximianus aliwaamuru waitambikie miungu na kuwasaka Wakristo wenzao. Walikataa, wakauawa huko Agaunum, katika Uswisi ya leo. Wajerumani walimheshimu mapema. Mwaka 937 Mfalme Otto wa Kwanza alianzisha monasteri kwa jina la Maurisi mjini Magdeburg, na katikati ya karne ya 13 mtakatifu huyo akachongewa sanamu ya jiwe katika kanisa kuu la mji huo: amevaa deraya, uso wake ni wa Mwafrika hasa, na mchongaji hakumfanyia dhihaka hata chembe. Kanisa kongwe kuliko yote Coburg, Morizkirche, nalo ni lake. Humo Martin Luther alihubiri mwaka 1530.

Wanazi hawakumvumilia. Coburg iliwakumbatia mapema mno: mwaka 1929 chama chao kilishika wingi wa viti katika baraza la mji, ushindi wao wa kwanza wa aina hiyo Ujerumani, na mwaka 1932 Hitler akapewa uraia wa heshima. Mwaka 1934 walimwondoa Maurisi, wakaweka upanga wenye swastika kwenye kitako cha mpini. Aibu hiyo ilidumu hadi 1945. Utawala wao ulipoanguka Maurisi alirudishwa, na leo yupo hata kwenye mifuniko ya chemba za barabarani.

Mwaka 2020 walijitokeza watu wengine waliotaka aondolewe, safari hii wakipinga ubaguzi: walisema midomo aliyochorewa na hereni ile vinamdhalilisha mtu mweusi. Wengine wakakusanya saini ili abaki. Kuhusu mchoro, wapinzani wana haki. Kumfuta mwenyewe, hapana. Hilo walishalifanya Wanazi, na tunajua kwa nini. Natamani mchoraji wa Coburg aende Magdeburg, autazame ule uso wa jiwe, kisha aichore nembo upya.