Boma Lililohamia Mlimani: Chimbuko la Kukosekana kwa Usawa wa Afya katika Uwanda wa Kyela

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza chimbuko la tofauti za afya kati ya uwanda wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na nyanda za juu za Rungwe. Maelezo yaliyozoeleka huanzia kwenye jiografia. Uwanda uko takribani mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, una joto na mvua nyingi, na mito yake, ikiwemo Kiwira, Mbaka na Songwe, hufurika wakati wa masika. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba mazingira yalizalisha mbu, ilhali mamlaka ndiyo iliyoamua nani awakimbie na nani abaki nao.

2.0 Boma na homa

Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, aliisifu nchi ya Wanyakyusa kwa migomba yake na usafi wa makazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walijenga kituo cha Langenburg ufukweni. Homa ziliwaandama, na ilipofika karibu mwaka 1900 makao yalihamishiwa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, penye baridi. Afya ya maofisa ilikuwa miongoni mwa sababu. Wakati huo Ronald Ross alikuwa ameonesha tangu mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Kwa mtawala, maarifa ya aina hiyo yalitumika kwanza kumkinga yeye mwenyewe.

Waingereza waliendelea kuitawala Rungwe kutoka Tukuyu, na Kyela ikabaki sehemu ya wilaya hiyo hadi miaka ya 1970. Kwa muda huo wote, mkazi wa ufukweni mwenye shida ya kiserikali alilazimika kuyaelekea makao yaliyokuwa mlimani.

3.0 Maji ya mpunga

Mkulima wa Kyela hakuweza kuhama kama boma lilivyohama, kwa kuwa riziki yake imo katika maji yale yale. Mafuriko huleta rutuba ya mpunga; pia huacha madimbwi ya mazalia ya mbu na kuchafua visima. Elimu ya afya inayohimiza chandarua na maji yaliyochemshwa ni sahihi, lakini ina mipaka. Mvuvi anayekesha ziwani hana mahali pa kutundika chandarua, na kuchemsha maji kunahitaji kuni ambazo kwa kawaida hutafutwa na wanawake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, upanuzi wa zahanati vijijini ulilenga kupunguza umbali kati ya mwananchi na tiba. Uchangiaji wa gharama ulioanza mwaka 1993 uliweka kizuizi cha namna nyingine. Kalenda ya uwanda ni muhimu hapa: malaria hushamiri wakati wa mvua, kabla mpunga haujavunwa, yaani wakati ambao kaya nyingi hazina fedha. Hata ada ndogo, inapodaiwa katika majira hayo, humlemea mkulima kuliko mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi.

Maradhi nayo hujengana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, uliofuatilia wakazi wa Kyela, ulibaini kwamba waliokuwa na minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha takribani mara mbili ya wasiokuwa nayo. Hivyo, ugonjwa wa muda mrefu unaoenezwa na mbu, na unaohusishwa na umaskini, uliambatana na hatari ya janga jingine.

4.0 Hitimisho

Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilihusisha tofauti za afya na mgawanyo wa madaraka, fedha na rasilimali. Historia ya Kyela inaonesha mfuatano wa mambo hayo: madaraka yalihama kwanza, umbali ukafuata, kisha gharama ikaongezeka juu ya umbali. Kwa hiyo, mtafiti anayepima malaria uwandani hana budi kupima pia uwezo wa watu kuikwepa, kwa kuwa uwezo huo haujawahi kugawanywa sawa tangu boma lilipopanda mlimani.